Neno “mtumwa” halimo: utumwa na serikali, kutoka Philadelphia mpaka ziwa letu



Kila mara somo la historia linapofika Marekani, swali moja linarudi. Watu wenye walitangaza mwaka wa 1776 kwamba binadamu wote ni sawa, waliwezaje kurudi nyumbani jioni na kupikiwa chakula na watumwa? Wengi wanajibu haraka: “Walikuwa wanafiki.” Jibu hilo si baya, lakini halitufundishi kitu. Mnafiki mmoja anaweza kudanganya kijiji. Nchi nzima haiendeshwi karibu miaka 80 kwa unafiki peke yake. Inahitaji sheria, hesabu, makarani, mahakimu na polisi. Ni kusema, inahitaji wasomi.

Njo maana nimeona tuongee juu ya jambo hili hapa kwenye ukurasa wetu. Na sitaishia Marekani. Nitavuka mpaka kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, juu hapa pia ilikuja serikali yenye ilisema imeletwa kumaliza utumwa.

1. Hesabu ya Philadelphia

Mwaka wa 1787 wajumbe wa majimbo ya Marekani walikutana Philadelphia kuandika katiba. Wakati huo utumwa haukuwa jambo la pembeni. Hesabu ya kwanza ya watu, ya mwaka wa 1790, ilikuta watumwa karibu 700,000 katika nchi yenye watu wasiofika milioni 4. Katika jimbo la Virginia, karibu watu 4 kati ya 10 walikuwa watumwa.

Ukisoma katiba ile kama ilivyoandikwa mwanzoni, hutakuta neno “mtumwa” wala neno “utumwa”. Halimo hata mara moja. Neno hilo liliingia mwaka wa 1865 tu, kwa marekebisho ya 13, siku ya kuukataza utumwa wenyewe. Lakini jambo lenyewe lilikuwamo tangu mwanzo, katika vifungu vitatu.

Kifungu cha kwanza ni cha hesabu ya wabunge. Kila jimbo lingepata wabunge kulingana na wingi wa watu wake. Watu huru wanahesabiwa wote, halafu wanaongezewa tatu ya tano ya “watu wengine”. Hao “wengine” ndio watumwa. Tuchukue mfano. Jimbo lina watu huru 100,000 na watumwa 50,000. Tatu ya tano ya 50,000 ni 30,000. Basi jimbo hilo linahesabiwa kuwa na watu 130,000. Wale 50,000 hawapigi kura, hawana mahali pa kusema, lakini miili yao inamwongezea bwana wao viti bungeni, na inamwongezea nguvu katika kuchagua rais. Kati ya marais 5 wa kwanza, 4 walitoka Virginia: Washington, Jefferson, Madison na Monroe. Wote wanne walimiliki watumwa.

Kifungu cha pili kilisema Bunge halitakataza kuingiza “watu wa namna hiyo” mbele ya mwaka wa 1808. Cha tatu kilisema mtu “mwenye kudaiwa kazi” akikimbilia jimbo lingine, atarudishwa kwa mwenye kumdai. Ukisikia hivyo, utafikiri ni fundi aliyekimbia na pesa ya mteja. Kumbe ni mama anayekimbia na mtoto wake usiku.

Mnaona kazi iliyofanyika? Hakuna uongo ulioandikwa. Kulikuwa na wajumbe ambao waliuona utumwa kuwa aibu, na hawakutaka neno lile lionekane katika karatasi yenye inaongea juu ya uhuru. Wakaondoa neno, wakaacha kitu. Mwaka wa 1808 biashara ya kuleta watumwa kutoka Afrika ilikatazwa kweli. Lakini watumwa hawakupungua. Walizaliana, waliuzwa kutoka jimbo moja kwenda lingine, na mwaka wa 1860 walikuwa karibu milioni 4.

2. Ziwa letu mbele ya Leta

Sasa tuje kwetu. Katika nchi nyingi zinazozunguka ziwa, mtu aliweza kushikwa vitani au kuwekwa rehani kwa deni, zamani hata mbele ya wageni kufika. Tusijidanganye kwamba kila kitu kililetwa na wengine. Lakini katika karne ya 19 jambo lilibadilika sura. Wafanyabiashara kutoka Unguja na pwani walifika Ujiji, wakavuka ziwa, wakaingia Manyema mpaka Kasongo na Nyangwe. Walitafuta pembe za ndovu. Pembe ilihitaji wabebaji, wabebaji walihitaji chakula, na bunduki ilirahisisha kuvipata vyote viwili bila kulipa. Mtu akawa bidhaa pamoja na pembe anayobeba.

Kwetu watu hao waliitwa Bangwana. Angalieni neno hilo. Waungwana maana yake ni watu huru. Lakini wengi waliotembea katika misafara hiyo, wakiwa na bunduki na kanzu, walikuwa wenyewe watumwa au watoto wa watumwa wa matajiri wa pwani. Hata hapo neno lilifunika kitu.

Upande wetu wa kaskazini ya ziwa, jina lililotisha lilikuwa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, aliyekaa Ujiji. Watu wake walieneza nguvu yao kwenye pwani hizi. Katika miaka hiyohiyo Mapadri Weupe walifungua misioni Masanze mwaka wa 1880, halafu Kibanga mwaka wa 1883, katika nchi ambayo leo ni Fizi, si mbali na Ubwari. Walikomboa watumwa, hasa watoto, kwa kuwanunua. Waliwapa mahali pa kukaa, shamba na shule. Wengi waliokolewa kweli. Lakini aliyekombolewa alikaa chini ya amri ya aliyemkomboa. Mkumbuke neno hili, kukomboa, maana litarudi.

3. Mfanya biashara ya watumwa anakuwa gavana

Mfalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji alitafuta nchi kwa njia ya maneno mazuri. Alisema atafungua Kongo kwa biashara huru na atamaliza biashara ya watumwa. Nani alimwamini wa kwanza? Marekani. Tarehe 22/4/1884 serikali ya Marekani iliitambua bendera ya chama chake, mbele ya mataifa makubwa ya Ulaya. Ilikuwa imepita miaka 19 tu tangu Marekani yenyewe ikataze utumwa. Nyuma ya hapo, mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulifunga mataifa kwa ahadi ya kusaidia kumaliza utumwa katika bonde la Kongo.

Miaka miwili haijapita vizuri, mwezi wa pili 1887, Stanley alimkuta Tippu Tip huko Unguja na kumpa mkataba kwa jina la Leopold. Tippu Tip, jina lake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alikuwa mtu mkubwa kuliko wote katika biashara ya pembe na watumwa upande wa Manyema. Kwa mkataba ule akawa gavana wa Leta huko Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alipaswa kupandisha bendera ya Leta na kuzuia watu wake kuteka watumwa.

Kwa nini? Kwa sababu Leta haikuwa na nguvu ya kufika mashariki. Ilikuwa na karatasi ya Berlin, lakini njia, watu na bunduki vilikuwa kwa Tippu Tip. Serikali changa inafanyaka hivyo mara nyingi: haiondoi mwenye nguvu, inampa kofia.

4. Vita ya kumaliza utumwa, na askari wake

Mwaka wa 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Ulaya akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika. Watu waliguswa. Mkutano wa Brussels ulifuata, ukamalizika tarehe 2/7/1890. Ulipiga marufuku biashara ya watumwa. Pia ulimruhusu Leopold kutoza kodi ya forodha kwa bidhaa zinazoingia Kongo, jambo ambalo Berlin ilikuwa imelizuia. Sababu iliyotolewa: vita dhidi ya utumwa inahitaji pesa.

Vita ikaja. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leta chini ya Dhanis yalipigana na Bangwana. Nyangwe ilianguka mwezi wa 3 mwaka wa 1893, Kasongo mwezi wa 4. Mwanzoni mwa 1894 Rumaliza alishindwa. Utekaji wa watu kwa ajili ya soko la Ujiji ukavunjika nguvu. Lazima tuseme hivyo, maana ni kweli, na kwa aliyekuwa akilala porini kwa hofu ya kutekwa haikuwa jambo dogo.

Lakini askari wa Leta walitoka wapi? Hapa njo moyo wa habari. Leta ilikuwa inachukua watu waliotekwa au kununuliwa, inawaandika kuwa “waliokombolewa”. Aliyekombolewa hakurudishwa kwao. Aliwekwa jeshini au kazini kwa miaka mingi, ili alipe uhuru wake. Mwaka wa 1890 amri ilitoka kwamba watoto waliokombolewa na wasio na wazazi wawe chini ya ulinzi wa Leta, wawekwe katika makambi ya watoto na kufundishwa, wengi kwa ajili ya uaskari. Mwaka wa 1891 amri nyingine iliweka uandikishaji wa lazima: chifu atoe watu. Chifu akiambiwa atoe watu, atamtoa nani? Hatamtoa mtoto wake. Atamtoa mnyonge wa kijiji, mgeni, mwenye deni, mtumwa.

Tazameni habari ya Gongo Lutete. Inasemwa alikuwa mtumwa zamani, akapanda mpaka akawa kiongozi wa vita upande wa Bangwana. Mwaka wa 1892 alihamia upande wa Leta, na bila watu wake Leta isingeshinda haraka vile. Mwezi wa 9 mwaka wa 1893 maofisa wa Leta ileile walimshitaki kwa usaliti na kumwua. Askari waliokuwa wake waliasi Luluabourg mwaka wa 1895. Uasi mwingine mkubwa ulizuka mwaka wa 1897 katika msafara wa Dhanis, ukateremka mpaka huku mashariki, na waasi wa mwisho walivuka kwa Wadachi, upande wa Burundi, mwaka wa 1900.

5. Mweusi wa Marekani aliyeona

Mwaka wa 1890 mtu mmoja alifika Kongo kutoka Marekani: George Washington Williams. Alikuwa Mweusi, askari wa zamani katika vita iliyomaliza utumwa kwao, mchungaji, mwanasheria na mwandishi wa historia ya watu wake. Alikuja na tumaini kwamba Weusi wa Marekani wangeweza kupata kazi Kongo. Alichokiona kilimfanya amwandikie Leopold barua ya wazi, akishitaki Leta yake, kati ya makosa mengi, kwamba yenyewe inanunua na kutumia watumwa. Williams alikufa mwaka wa 1891, bado kijana wa miaka 41.

Kwa nini yeye aliona haraka, wakati wageni wengine walipita njia ileile na kusifu? Nafikiri ni kwa sababu alitoka katika nchi yenye ilikuwa imeficha kitu hicho nyuma ya maneno “watu wengine”. Hakuuliza sheria inawaita namna gani. Aliangalia nani ana mnyororo, nani ana fimbo, na nani anabeba mzigo.

Nyuma yake ikaja miaka ya mpira, ambayo wote tunaijua. Hapo tena neno lilikuwa safi: “kodi”. Mwaka wa 1903 sheria ilisema kila mtu mzima afanyie Leta kazi masaa 40 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini mtu aliingia porini siku nyingi kutafuta mpira wa kutosha. Na ofisa aliyepima mpira, aliyeadhibu na aliyepokea malalamiko, mara nyingi alikuwa mtu mmoja.

6. Majina yanabadilika

Tarehe 15/11/1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa Leopold. Sheria mpya ya koloni, kifungu cha 2, ilisema hakuna mtu atakayelazimishwa kufanya kazi kwa faida ya kampuni au ya mtu binafsi. Kifungu kizuri. Lakini mwaka wa 1917 yakaja mashamba ya lazima: kulima mazao yaliyoamriwa, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita ya pili ya dunia siku zikapanda mpaka 120. Pamba ilikuwa kati ya mazao hayo, na wazee wa tambarare ya Ruzizi wanaijua vizuri. Shamba lilikuwa la mkulima, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Lakini mkulima hakuchagua zao, hakuchagua bei, na akikataa alifungwa. Jina safari hii lilikuwa “kufundisha watu kazi”.

Wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, ikaja salongo. Kufagia njia na kulinda kijiji pamoja ni mila njema, mbele ya Mobutu ilikuwapo. Shida inaanza pale salongo inapotumwa kwenye shamba la mkubwa.

7. Maswali matatu

Mtaniuliza: basi kila kazi ngumu ni utumwa? Hapana. Tukisema hivyo tunawakosea waliofungwa minyororo kweli. Mwalimu wa N.U. mwenye amefundisha miaka 6 bila mshahara wa serikali anadhulumiwa, na lazima tulipige kelele jambo lake. Lakini anaweza kufunga mlango kesho na kwenda kuvua samaki. Ndiyo tofauti.

Mimi hutumia maswali matatu nikisoma sheria au nikiona kazi fulani. La kwanza: mtu huyu anaweza kukataa bila kupigwa, kufungwa au kuuawa? La pili: jasho lake linamnufaisha nani? La tatu: akionewa, atashitaki kwa nani, na je, huyo wa kupokea mashitaka siye anayemwamuru?

Ukipima Virginia ya 1790 kwa maswali hayo, jibu ni wazi. Ukipima “waliokombolewa” wa Leta, jibu halitofautiani sana. Sasa pima ya leo. Kijana anasimamishwa barabarani na wenye silaha, anabebeshwa mzigo mpaka mlimani bila malipo. Wanasema anasaidia “ulinzi wa eneo”. Mtoto wa miaka 10 anatolewa kijijini kwenda nyumba ya watu mjini, “atasomeshwa”, halafu shule haioni na mlango hautoki. Kikundi kinaambiwa kulima shamba la mkubwa, kinaitwa “salongo”. Uliza maswali matatu, utaona jina linadondoka lenyewe.

Sheria tunazo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 16, inakataza utumwa na hali inayofanana nao, na inakataza pia kazi ya kulazimishwa. Mkataba wa 1930 wa Shirika la Kazi la Kimataifa unaacha nafasi kwa kazi ndogo za kijiji, lakini kwa sharti kwamba zinafaidi kijiji chenyewe na kwamba wanakijiji au wawakilishi wao waulizwe. Kwa hiyo mtu akikuambia salongo ni sheria, muulize: ni ya nani, na waliulizwa lini?

8. Kwetu sisi wenye kalamu

Nimeandika haya kwa chama cha wasomi kwa sababu maalum. Watu wa Philadelphia walikuwa wanasheria na wasomaji wa vitabu. Waliotafuta neno “waliokombolewa” walikuwa pia watu wa ofisi, si watu wa fimbo. Serikali haihitaji neno “mtumwa” ili iwe na watumwa. Inahitaji msomi wa kuitafutia neno lingine, na karani wa kuliandika vizuri kwenye ripoti.

Kesho mmoja wetu atakuwa sekretere wa gurupema, mwingine ajenti wa shirika, mwingine hakimu, mwingine mwalimu. Utaletewa karatasi. Itasema “mchango wa hiari”, na wewe unajua kwamba asiyetoa anafungwa. Itasema “mfanyakazi wa nyumbani”, na wewe unajua ni mtoto. Siwaambii mwende kupigana na wenye bunduki. Nawaambia tu: usikubali kalamu yako iwe ya kwanza kubadilisha jina. Andika kitu kama kilivyo, tarehe na mahali, na weka nakala.

Na kwa walio karibu na wazee, kazi moja ndogo. Ukikaa lubunga au jikoni kwa bibi, uliza habari ya kazi za lazima: pamba, barabara, kubeba mizigo ya wakubwa. Uliza waliita namna gani, na nini kilimpata aliyekataa. Andika kabla hawajaenda. Historia yetu ya utumwa na serikali haiko yote katika vitabu vya Brussels.